Mfarishi wa Mama Matangaro

Katika kisiwa chote cha Enuakura hapakuwa na mwanamke aliyekijua Kiingereza kama mimi. Nilikuwa na maneno mia mbili hivi, na arobaini kati ya hayo yalikuwa majina ya matunda yasiyoota kwetu. Lakini mia mbili ni mia mbili. Papa Iotia, mwenyekiti wa baraza la kisiwa, alikuwa na matatu tu, na mawili kati yake hayatamkwi mbele ya mchungaji. Kwa hiyo siku meli ya mizigo iliposimama nje ya mwamba na boti likamleta ufukoni mama mmoja wa Kizungu, mwenye viatu vya kupandia milima na daftari limening'inia shingoni, Papa Iotia alizungusha macho pale gatini, akaniona, akasema:

"Tuaine, huyu wako."

"Wangu kwa vipi? Sikumwagiza."

"Amekuja kukiona kisiwa. Muonyeshe."

"Si hiki hapa. Ameshakiona."

"Tuaine."

Basi nikamchukua. Alikuwa mjane, mwalimu mstaafu kutoka mji wa Oamaru, kusini kabisa mwa New Zealand. Jina lake Dorothea, lakini ndimi zetu hazina njia ya kulipitisha jina kama hilo, tukamwita Mama Torotea, naye akafurahi kama aliyebatizwa upya. Alisema amengoja miaka ishirini aje kwenye visiwa vya mbali, aone watu wanavyoishi, aone mapango na ndege wa baharini, asikie kanisa likiimba. Meli ingekwenda kisiwa cha pili kupakia mbata, kisha irudi Jumatatu. Siku nne. Nimewahi kuumwa jino kwa siku nyingi kuliko hizo, na bado zile nne ndizo ninazozikumbuka.

Kwetu, mgeni akisifu kitu, kitu kimeshakuwa chake. Haombi, wala mwenyewe hasiti. Anakitwaa kile kitu na kumpa. Ndiyo maana sisi kwa sisi hatusifiani ovyo. Ukipita kwa jirani ukaona nguruwe wake amenona, unatazama pembeni, unauliza habari za mvua. Mtoto wa miaka minne analijua hilo. Mama Torotea alikuwa na sitini na minne na hakulijua. Kwao, nadhani, kusifu ni namna ya kusalimia.

Hatujatoka hata gatini akaisifu kofia yangu ya kanisani, niliyoisuka kwa makuti machanga mwezi mzima. Nikaivua. Mbele kidogo akalisifu bakuli la mti la Papa Iotia, la babu yake mzaa baba. Papa Iotia aliyamwaga maji yaliyokuwamo, akalifuta kwa shati lake, akampa, akaingia ndani akafunga mlango. Tulipofika mlangoni kwa jirani yetu, Mama Akaiti, jogoo wake alikuwa juu ya ukuta anajitangaza. Mama Torotea akashika kifua.

"Amesema nini?" Akaiti akauliza.

"Amesema jogoo ni mzuri ajabu."

Akaiti alinitazama kama kwamba mimi ndiye niliyesema. Alimkamata jogoo, akamfunga miguu kwa kamba, akamkabidhi mgeni huku anatabasamu kwa meno ya mbele tu.

"Mpeleke upesi nyumbani kwenu," akaninong'oneza. "Kabla hajamuona mume wangu."

Mjukuu wangu, kila nikisimulia, huniuliza hapo hapo: Bibi, si ungemwambia tu? Watoto wa siku hizi wanaishi Auckland, wanafikiri kila kitu kinaambika. Kumwambia mgeni "usisifu" ni sawa na kumwambia "usichukue", na kumwambia hivyo ni kumvua nguo mama yako barabarani. Mama yangu angependelea kuvuliwa nguo kweli.

Sasa nifike kwa mama yangu, Matangaro. Alikuwa na miaka sabini na mbili, miguu imevimba, moyo unakwenda kwa kusuasua kama injini ya boti la baraza, jicho moja limeshaingia ukungu. Na alikuwa na mfarishi wake. Mifarishi yetu mnaijua, yale mashuka makubwa ya kutandika yaliyoshonwa kwa vitambaa vya rangi, ambayo akina mama hukaa barazani wakiyashona pamoja miaka nenda miaka rudi. Wa mama ulikuwa wa vipande vidogo vidogo, kila kimoja kama ukucha wa kidole gumba, elfu nane na ushei, nyota ndani ya nyota, nyekundu na zambarau na njano ya manjano mabichi. Miaka saba aliushona. Haukuwa wa kitanda. Kwetu maiti huteremshwa kaburini akiwa amefunikwa kwa mfarishi ulio bora kuliko yote nyumbani, na ule ulikuwa wa mama kuteremka nao. Alimwambia kila mtu. Mchungaji aliambiwa kila Pasaka.

Na mimi nilikuwa na sababu yangu. Baba alikwenda na bahari nilipokuwa na miaka tisa. Mtumbwi ulirudi, yeye hakurudi. Hakupata hata leso ya kufunikiwa uso. Nilimwona mama akisimama kanisani mbele ya nafasi tupu, mikono yake imeshika hewa kana kwamba imebeba nguo. Nilijiapia, kwa kiapo cha mtoto, ambacho ndicho kigumu kukivunja, kwamba yeye hatakwenda hivyo.

Kwa hiyo nilipomleta Mama Torotea nyumbani, nikachungulia chumba cha wageni, nikauona ule mfarishi umetandikwa kitandani, nilimgeukia mama.

"Mama, si ungetandika wangu?"

"Nimlaze mgeni juu ya pweza?"

Wangu ulikuwa na majani ya mshelisheli, meupe juu ya kijani. Nilikuwa nimeyakata mwenyewe na kuyashonea mwenyewe, na kwa bahati mbaya yalikuwa yametoka na mikono minane minane. Kisiwa kizima kiliuita mfarishi wa pweza.

"Atausifu, Mama. Ameshamsifu hata jogoo wa Akaiti."

"Akiusifu, ana macho," mama akasema, akaendelea kupiga mto.

Hapo ndipo nilipogeuka kuwa mwongoza wageni hodari. Nilifanya hesabu yangu. Mgeni hawezi kukisifu asichokiona mchana. Kwa hiyo nilimtoa kabla jua halijapanda na kumrudisha wakati wa taa, hoi, akalala na viatu. Ijumaa nilimpandisha mlima, nikamshusha upande wa pili, nikampitisha kwenye mapango ya mawe ya matumbawe ambako popo si popo bali ni vijumbamshale, ndege wadogo wanaoruka gizani wakigonga ulimi. Alisimama mle ndani na kibatari mkononi. Kisha akasema ni pazuri kuliko kanisa kuu lolote aliloliona. Nikamwambia asifu zaidi. Pango halina mwenyewe.

Jumamosi nilimpeleka upande wa upepo, kwenye majabali wanakotaga ndege wa mkia mrefu mwekundu. Akamsifu ndege, nikakubali. Akausifu mwamba na povu lake, na kile kijani cha maji ya ndani ambacho hata mimi niliyezaliwa nacho sijakipatia jina; nikamwambia vyote vyake, achukue. Alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri, na alitembea vizuri kwa mzee, na alikuwa akiuliza maswali ya maana: nani alifundisha nani kusuka, nani analima wapi, wimbo gani unaimbwa mtu akiondoka. Nisidanganye, nilianza kumpenda, jambo ambalo lilinisumbua. Ni rahisi zaidi kumtembeza mtu usiyempenda.

Tulipopita kwenye mashamba ya magimbi, nilimshika mkono nikamkimbiza. "Mbu," nikamwambia. Hapakuwa na mbu. Palikuwa na magimbi ya Akaiti.

Lakini sikuifikiria Jumapili. Kwetu Jumapili hakuna matembezi. Hakuna kupanda mlima, kuvua, kufagia, wala kupuliza moto. Chakula hupikwa Jumamosi kwenye shimo la mawe ya moto na huliwa kikiwa vuguvugu. Mtu huenda kanisani, hula, hulala. Asubuhi wanaume walinguruma sauti ya chini na akina mama tukapasua ile ya juu hadi vioo vikatikisika, na Mama Torotea alilia kimyakimya akiwa na kofia yangu kichwani. Ilimpendeza kuliko mimi, hilo nalo niliseme.

Baada ya chakula tulikuwa barazani: mama, mimi, na Akaiti aliyekuja kutazama jogoo wake kama anapata haki zake. Mgeni alisema anakwenda kujinyoosha. Dirisha la chumba chake linaelekea magharibi. Saa tisa alasiri jua huingia pale kama mtu mwenye funguo.

Alitoka nao mikononi. Aliubeba kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala, na alikuwa akilia na kusema, taratibu, neno moja moja, na kati ya maneno yale sikukosa hata moja. Alisema hajawahi kuona kazi ya mikono nzuri kama hii. Alisema amelala juu yake siku tatu kama kipofu.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema kitanda ni laini."

"Analia kwa sababu ya kitanda?"

"Mgongo unamsumbua. Siku nyingi."

Mama alikuwa akitazama mkono wa Mama Torotea, jinsi kidole kilivyokuwa kikipita juu ya nyota moja, kikirudi, kikipita tena, kama anayesoma. Hakuna maneno mia mbili yanayohitajika kuufahamu mkono ule. Mama alijiinua kwenye kiti, jambo lililomchukua muda, akaenda akaukunja mfarishi mara nne, akauweka kifuani mwa mgeni, akamfumba vidole juu yake kimoja kimoja.

Akaiti ndiye aliyesema.

"Haya, Matangaro. Utashushwa na nini sasa? Na gunia la mbata?"

"Nitashona mwingine."

"Kwa jicho lipi?"

"Hili moja halijalalamika," mama akasema. Kisha akanigeukia. "Kesho asubuhi utamfungia mizigo yake. Vizuri, usilowe chumvi."

Nilimfungia. Jumatatu, jua likiwa limeshatoka, Mama Torotea alikwenda kuoga kwenye kisima cha pangoni na mama akaenda kulisha nguruwe. Nikatoa mfarishi wa nyota kwenye sanduku la bati la mgeni, nikaweka wa pweza. Niliukunja kijani ndani, nikapanga nguo juu, nikakaza kamba. Sikuona kuwa ni wizi. Wizi ni kuchukua. Mimi nilikuwa nabadilisha. Na kwa hesabu yangu kila mtu alikuwa anapata: mgeni anapata mfarishi wa kweli wa Enuakura, uliopambwa kwa wanyama wa baharini, mama anapata wa kwake siku itakapofika, nami napata usingizi.

Ule wa nyota niliutia kwenye debe kubwa la biskuti za melini, nikaziba kifuniko kwa ulimbo wa mshelisheli ili mende wasiingie, nikalipandisha juu ya boriti za jiko, nyuma ya chungu cha zamani. Mama aliporudi kutoka kwa nguruwe alinikuta nasugua ulimbo mikononi kwa mafuta ya nazi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Vizuri," akasema. "Nenda katangulie gatini, ukawaambie wasubiri. Mimi nakuja kwa mwendo wangu."

Alikuja kwa mwendo wake, na mwendo ule ulikuwa mrefu. Tulikuwa tumeshamvisha mgeni mikufu ya makombe mpaka shingo haionekani, wimbo wa kuaga umeshaimbwa mara mbili, jogoo ameshapakiwa na anatukana. Ndipo mama akatokea, anahema, amekumbatia mkeka wa kulalia ulioviringishwa na kufungwa kwa kamba ya mkadi. Alikataa kunipa niubebe. Aliingia majini hadi magotini na miguu yake ile, akamkabidhi Mama Torotea mwenyewe, mkono kwa mkono. Niliuona mkeka mnene. Nikadhani ni miwili. Mama yangu, nikajisemea, hajui kutoa kidogo.

Boti likapita mlango wa mwamba, tukapunga mikono.

Wiki iliyofuata mama alianza mfarishi mpya. Nilimtungia uzi kwenye sindano, kila asubuhi sindano kumi na mbili, nikazichomeka kwenye mto mbele yake ili asihangaike na tundu. Alishona hadi jicho lilipoanza kutoa machozi, akafuta, akashona. Vipande vilikuwa vikubwa safari hii, kama kiganja. Sijawahi kuona kazi inayokwenda polepole vile. Mara kadhaa maneno yalinifika hapa kooni: Mama, acha, upo. Lakini nilikuwa na mpango. Siku ikifika, ningeushusha na kusema kwamba mgeni aliurudisha kwa meli. Uongo ule nilikuwa nimeshautengeneza hadi na jina la nahodha.

Na kila Jumamosi, nikiingia jikoni kuandaa chakula cha Jumapili, nilipanda kigoda nikalinyanyua lile debe kidogo, nipime uzito wake. Lilikuwa zito. Nikashuka nimeridhika. Miezi minane nililinyanyua debe lile kwa mapenzi makubwa.

Barua ilikuja mwezi wa tisa, Alhamisi, siku ya kushona. Kwetu barua ya ng'ambo haisomwi na mtu mmoja. Akina mama saba walikuwa barazani kwetu, mfarishi mpya wa mama umetandazwa juu ya magoti yao yote, na Papa Iotia mwenyewe ndiye aliyeileta bahasha, akakaa kwenye ngazi.

"Haya, mwenye maneno mia mbili," Akaiti akasema. "Tusomee."

Mama Torotea alikuwa mwalimu wa kweli. Aliandika kwa herufi kubwa zilizoachana, maneno mafupi mafupi, kama anayemwandikia mtoto wa darasa la pili, nami nilimshukuru moyoni. Nikawa nasoma na kutafsiri. Alifika salama. Kwao kuna baridi. Bakuli la Papa Iotia liko mezani na hakuna anayeruhusiwa kulitilia kitu. Papa Iotia akakohoa. Jogoo hakufika, nahodha alimla siku ya pili.

"Alimla?" Akaiti akasimama nusu. "Jogoo wangu? Kwa nini?"

"Hakuandika. Njaa, nafikiri."

Wakacheka, hata mama, nami nikawa natabasamu huku jicho langu limetangulia mstari unaofuata. Niliusoma kimya. Nikaurudia. Ulikuwa mstari mwepesi, hauna neno hata moja nisilolijua. *Asanteni kwa mifarishi miwili. Ule wa pweza uliokuwa sandukuni ndio ninaolalia, una joto. Ule wa nyota, ambao Mama Matangaro aliuweka ndani ya mkeka, nimeutundika ukutani, na kila asubuhi naanza kwa kuutazama.*

Nilitazama jikoni. Mlango ulikuwa wazi, na kutoka pale nilipokaa niliweza kuliona debe juu ya boriti, kifuniko chake kimezibwa vizuri sana, kwa ulimbo mwingi kuliko niliotia mimi.

"Umenyamaza," mama akasema. Hakuinua uso. Alikuwa ameweka kipande chekundu karibu kabisa na jicho lake zima, anatafuta ukingo.

"Herufi zimeingia maji."

"Ehe."

"Anasema... asanteni kwa mfarishi. Anaupenda. Kisha anawasalimu wote."

"Mfarishi," mama akasema. "Mingapi?"

"Mingapi vipi, Mama? Ulimpa mmoja. Kasema mmoja."

Sindano za akina mama zilisimama, moja baada ya nyingine, bila mtu kuziambia. Akaiti alinitazama, akamtazama mama, akanitazama tena, na nikaona furaha ikimpanda usoni taratibu kama maji yanavyojaa. Mama alikata uzi kwa meno. Akachomeka sindano yake kwenye mto, pembeni mwa zile kumi na moja nilizomtungia asubuhi, akakunja mikono juu ya nguo yake ya mazishi isiyofika hata robo.

"Rudi kwenye mstari huo, Tuaine," akasema. "Na safari hii hesabu kwa vidole, wote tukuone."